Kuhamasisha, Kuchangisha au Kuhamisha? Maana na Matumizi ya Kitenzi cha Kiingereza 'Mobilize' katika Mawasiliano ya Kiswahili, Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Kitenzi cha Kiingereza 'mobilize' ni miongoni mwa vitenzi vinavyorudiwa sana katika nyaraka za misaada, maendeleo na usalama. Katika Kiswahili kitenzi hicho hutafsiriwa mara nyingi kwa neno moja, kuhamasisha, hata pale ambapo kinachozungumziwa ni fedha, chakula au vyombo vya usafiri. Makala haya yanaeleza asili na upana wa maana ya kitenzi hicho, yanakilinganisha na vitenzi vya Kiswahili vinavyohusiana nacho, na yanachunguza jinsi historia ya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, inavyoathiri namna tafsiri hiyo inavyoweza kupokewa. Hoja kuu ni kwamba kitenzi cha Kiingereza kinaweza kutumika bila kumtaja anayetoa, ilhali vitenzi vya Kiswahili vya asili, hususan ukoo wa kuchanga, hudai mtoaji awepo katika maana ya sentensi. Makala yanapendekeza kwamba watunga sera na wafasiri waitumie tofauti hiyo badala ya kuifuta, kwa sababu katika eneo ambalo watu wamehamishwa mara nyingi na mali yao kukusanywa na wengi, uwazi wa kitenzi ni sehemu ya uwajibikaji.

1.0 Utangulizi

Pwani inayoanzia mlango wa mto Ruvuma na kushuka kupitia Palma, Mocímboa da Praia, visiwa vya Quirimbas na Ibo hadi ghuba ya Pemba ni eneo la lugha nyingi. Kimwani, lugha iliyo karibu mno na Kiswahili kiasi kwamba wanaisimu wamejadiliana kwa muda mrefu kuhusu nafasi yake katika kundi la lugha za Sabaki, huzungumzwa katika sehemu kubwa ya pwani hiyo. Kimakwe husikika katika eneo la Palma, Kimakonde katika uwanda wa juu wa Mueda na katika miji ya pwani, na Kimakhuwa kusini na bara. Kireno ndiyo lugha rasmi ya dola. Kiswahili chenyewe kina wazungumzaji wake wa asili kaskazini, na ni lugha ya mawasiliano mapana kutokana na biashara, uvuvi, elimu ya dini na uhusiano wa kudumu na Mtwara, Lindi, Zanzibar na Dar es Salaam. Mpaka wa kisiasa ulichelewa kuliko uhusiano huo: ghuba ya Tungi, ilipo Palma ya leo, ilikuwa ikidaiwa na Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipoitwaa kwa nguvu mwaka 1887.

Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa, eneo hili limeingia katika msamiati wa kimataifa wa dharura. Mamia ya maelfu ya watu wameyakimbia makazi yao. Mashirika ya misaada, majeshi ya nchi jirani, kampuni za gesi na taasisi za dola vimekutana katika wilaya zilezile, kila kimoja kikiwa na nyaraka zake. Nyingi kati ya nyaraka hizo huandaliwa kwa Kiingereza au Kireno, kisha ujumbe wake hufikishwa kwa wananchi kwa Kiswahili, Kimwani, Kimakwe, Kimakonde au Kimakhuwa. Umuhimu wa Kiswahili katika mkondo huo umeongezeka pia kitaasisi: Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, iliridhia Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019.

Katika mazingira hayo, swali la namna ya kutafsiri kitenzi kimoja haliishii katika istilahi. Mwananchi anapoambiwa kwamba jambo fulani 'limehamasishwa', anahitaji kujua kama anaombwa, anapewa, anatozwa au anaondolewa. Makala haya yanafuata njia ya uchambuzi wa maana na wa muundo wa sentensi. Mifano iliyopewa namba imetungwa kwa ajili ya uchambuzi.

2.0 Asili na Upana wa Maana ya 'Mobilize'

Kiingereza kilikipokea kitenzi 'mobilize' kutoka Kifaransa katika karne ya 19. Kiini chake ni neno la Kilatini 'mobilis', lenye maana ya kitu kinachoweza kusogezwa. Matumizi yaliyokipa umaarufu yalikuwa ya kijeshi: kulitoa jeshi katika hali ya amani na kuliweka tayari kwenda vitani. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia maana hiyo ilipanuka, kwa kuwa vita vilidai viwanda, reli, mazao na kodi pamoja na askari. Tangu hapo kitenzi kikazoea kubeba yambwa za aina mbili, watu na vitu, bila kubadilisha umbo.

Upanuzi wa pili ulifanywa na lugha ya maendeleo. Makubaliano ya Monterrey, Mexico, ya mwaka 2002 kuhusu ugharimiaji wa maendeleo yanaanza orodha yake ya hatua kwa suala la 'kumobilaizi' fedha za ndani, kama wasemavyo baadhi ya watumishi wa mashirika kwa kuchanganya lugha. Shabaha ya 17.1 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 inatumia istilahi hiyohiyo kuhusu mapato ya ndani ya nchi. Hapa neno halina tena harufu ya baruti. Linamaanisha kodi, akiba, mikopo na misaada.

Kiingereza kina vitenzi jirani ambavyo taswira zake ni tofauti. 'Muster' kinatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuonyesha: askari walijitokeza mbele ya ofisa, kila mmoja akahakikiwa kwa jina katika orodha. 'Rally' kina taswira ya kuwaunganisha tena waliotawanyika. Hivyo vitenzi vitatu ambavyo kamusi huvipanga karibukaribu vinabeba mawazo matatu: kusogeza, kuonyesha na kuunganisha upya. Kati ya hivyo, 'mobilize' ndicho kisichomhitaji mtu mwenye uso. Kinachosogezwa si lazima kiwe na jina, hiari wala daftari.

Kireno, ambacho ndicho mlango wa kwanza wa nyaraka za dola nchini Msumbiji, kina 'mobilizar' chenye upana uleule, na pia 'angariar', kinachotumika sana kwa kutafuta fedha. Asili ya 'angariar' ni istilahi ya kale ya utumishi wa kulazimishwa kwa ajili ya dola. Katika Msumbiji ya kikoloni, 'angariador' alikuwa wakala aliyeandikisha vibarua kwa ajili ya mashamba na migodi. Kwa hiyo katika Kireno cha eneo hili, kutafuta fedha na kutafuta nguvu kazi ni mambo yaliyowahi kutajwa kwa kitenzi kimoja.

3.0 Vitenzi vya Kiswahili

3.1 Kuhamasisha

Kitenzi kuhamasisha kimejengwa juu ya nomino hamasa, yenye asili ya Kiarabu, ambako hubeba maana ya ari, ushupavu na moto wa moyo. Hamasa ndilo jina la mkusanyo mashuhuri wa mashairi ya Kiarabu uliofanywa na Abu Tammam katika karne ya 9, ambao sehemu yake ya kwanza inahusu ushujaa vitani. Katika Kiswahili, kiambishi cha kutendesha kinamfanya mtenda awe mwenye kuitia hamasa ndani ya mwingine. Kwa mantiki hiyo, yambwa asilia ya kitenzi hiki ni kiumbe chenye moyo.

(1) Viongozi waliwahamasisha wavuvi kuchanja watoto wao.
(2) Viongozi walihamasisha rasilimali kwa ajili ya waathirika wa kimbunga.

Sentensi ya (1) haina utata. Sentensi ya (2) inaeleweka na wasomaji waliozoea lugha ya ofisi, lakini kimaana ina mgongano: mchele, mahema na dola havina moyo wa kutiwa ari. Msikilizaji asiyezoea lugha hiyo hulazimika kujaza pengo kwa kukisia. Je, viongozi waliwaomba matajiri? Walitoa katika hazina? Waliwatoza wananchi? Sentensi haijibu hata moja kati ya maswali hayo.

3.2 Rasilimali

Nomino inayoandamana na kitenzi hicho nayo ina historia yake. Rasilimali inatokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya kichwa cha mali, yaani mtaji wa mfanyabiashara. Katika biashara ya majahazi, kichwa cha mali kilikuwa na mwenyewe: aliyekitoa alijulikana, aliyesafiri nacho alijulikana, na msimu wa pepo ulipogeuka hesabu ilifanywa. Kiswahili cha leo kimelipanua neno hili likajumuisha gesi, misitu, samaki na hata watumishi. Katika upanuzi huo wazo la mwenyewe limefifia. Kuhamasisha rasilimali, basi, ni muungano wa kitenzi kilichopoteza moyo na nomino iliyopoteza mwenyewe.

3.3 Ukoo wa kuchanga

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa vitenzi katika uwanja huu. Kuchanga ni kutoa sehemu yako pamoja na wenzako kwa jambo la pamoja. Mnyambuliko wake ni mpana: kuchangia, kuchangiana, kuchangisha, kuchangishana, na nomino mchango, changizo, mchangaji, mchangishaji. Kauli ya kutendesha, kuchangisha, hukubali yambwa mbili:

(3) Kamati iliwachangisha wafanyabiashara wa Pemba fedha za kununulia mabati.

Hata yambwa ya watu inapoachwa, kama katika 'kamati ilichangisha fedha', maana ya kitenzi inaendelea kuwadai waliotoa. Hakuna kuchangisha bila wachangaji. Msikilizaji anaweza kuuliza 'mlimchangisha nani?' na swali likawa la kisarufi na la haki kwa wakati mmoja. Swali linalolingana nalo kwa sentensi ya (2), 'mliihamasisha rasilimali ya nani?', halitoki kwa wepesi huo.

Kando ya ukoo huu kuna vitenzi vingine vyenye mipaka dhahiri. Kukusanya huhusu mapato na vitu vilivyotawanyika, ndiyo maana 'ukusanyaji wa mapato' umeshika mizizi katika lugha ya bajeti. Kutenga ni kuweka kando sehemu ya kilichopo. Kuahidi, kutoa na kufikisha hutofautisha hatua tatu ambazo kitenzi cha Kiingereza huziunganisha. Kwa watu, mbali na kuhamasisha, kuna kuita, kusajili, kushawishi na kuamuru, na kila kimoja kina kiwango chake cha hiari.

3.4 Mbiu na daftari

Utamaduni wa Waswahili una taswira mbili zinazolikaribia zaidi wazo la 'muster'. Ya kwanza ni mbiu, pembe iliyopulizwa kuwaita watu barazani. Methali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo inafundisha kuwa mwito wa hadhara hubeba wajibu wa kueleza sababu yake: anayeita lazima awe na la kusema. Ya pili ni daftari. Mali bila daftari, wanasema wahenga, hupotea bila habari. Mwito unakamilika kwa orodha na hesabu. Methali ya tatu, kutoa ni moyo usambe ni utajiri, inaweka hamasa mahali pake: hamasa iko kwa mtoaji, wala haiko katika kitu kinachotolewa.

4.0 Historia ya Kitendo Chenyewe katika Cabo Delgado

Neno hupokewa kulingana na matendo ambayo wasikilizaji wamekwisha kuyaona. Pwani hii imeyaona mengi.

Mwaka 1891 dola ya Ureno iliikabidhi eneo lote la kaskazini Kampuni ya Niassa, iliyolitawala hadi mwaka 1929. Kampuni hiyo ilikusanya kodi ya kibanda na kutegemea kazi ya shuruti. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno waliiteka pembetatu ya Kionga, kusini mwa mlango wa Ruvuma, mwaka 1916, na mwezi Novemba 1917 jeshi la Wajerumani likavuka mto na kuingia Msumbiji. Pande zote zilitegemea wapagazi. Upande wa Waingereza, kikosi cha wapagazi kiliacha jina lake katika Kiswahili: Kariakoo ya Dar es Salaam. Ni nadra kukuta ushahidi bayana kuliko huo wa namna mwito wa kijeshi ulivyogeuza watu kuwa rasilimali na rasilimali kuwa jina la mtaa.

Matumizi ya pili yalikuwa ya ukombozi. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na baada ya FRELIMO kuundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, wanaharakati waliingia vijijini kwa siri kabla vita havijaanza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Kazi yao iliitwa kwa Kireno 'mobilização', na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zilizowawezesha kuifanya. Hapa maana inakaribia sana kuhamasisha: kumshawishi mtu kwa hoja hadi akubali kwa moyo wake kubeba hatari. Hata hivyo vita vilidai pia chakula, wabebaji na biashara. Mzozo kuhusu uendeshaji wa biashara katika maeneo yaliyokombolewa ulikuwa sehemu ya mgogoro kati ya uongozi wa FRELIMO na Lázaro Nkavandame, kiongozi wake katika Cabo Delgado na mwasisi wa vyama vya ushirika vya wakulima wa Mueda, aliyejisalimisha kwa Wareno mwaka 1969. Mgogoro huo ulikuwa na vipengele vingi, vikiwemo vya mkakati na uongozi, lakini swali moja lilidumu ndani yake: kilichokusanywa kwa jina la wote kinasimamiwa na nani, na kwa hesabu gani?

Matumizi ya tatu yaliunganisha mwito na uhamisho. Wakati wa vita vya ukombozi, utawala wa Kireno uliwakusanya wanavijiji wengi wa Cabo Delgado katika vijiji vilivyolindwa ili kuwatenga na wapiganaji. Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, sera ya vijiji vya jumuiya iliendelezwa kwa lugha ya uhamasishaji, na baadhi ya vijiji hivyo vilikalia maeneo yaleyale ya makusanyiko ya kikoloni. Malengo ya tawala hizo mbili yalikuwa kinyume kabisa. Lakini kwa familia iliyobeba mikeka na vyungu mara mbili katika kizazi kimoja, mwito na uhamisho vilifika pamoja.

5.0 Utata wa Sasa

5.1 Ahadi na kilichofika

Kimbunga Kenneth kilitua katika pwani ya Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita baada ya Idai kuikumba Beira, na Ibo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoharibiwa vibaya. Mkutano wa wafadhili uliofanyika Beira mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni mwaka huo ulitoa ahadi za takribani dola za Marekani bilioni 1.2, ilhali mahitaji ya ukarabati kutokana na vimbunga hivyo viwili yalikadiriwa kuwa dola bilioni 3.2. Kwa Kiingereza, inawezekana kusema kuwa bilioni 1.2 'zilimobilaiziwa'. Kwa Kiswahili, tafsiri iliyo sahihi ni kwamba ziliahidiwa. Tofauti si ya mtindo. Mkazi wa Ibo anayesikia kwamba fedha 'zimehamasishwa' au, vibaya zaidi, 'zimekusanywa', atakuwa na haki ya kuuliza ziko wapi, na kiongozi wa mtaa asiyezipokea ndiye atakayeshukiwa. Kitenzi kisicho sahihi humwachia deni mtu asiyekopa.

5.2 Rasilimali na makazi

Gesi iligunduliwa katika bonde la Rovuma mwaka 2010. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji kwa mradi wa Eneo la 1, wenye kituo chake katika rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, ulitangazwa mwezi Juni 2019 kwa makadirio ya dola bilioni 20. Ujenzi wa mradi ulihitaji kuwahamisha wakazi wa Quitupo na kuwajengea kijiji kipya cha Quitunda. Mnamo Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na tarehe 26 Aprili 2021 kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kusitisha mradi kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake.

Katika mlolongo huo wa matukio, 'mobilize' kinaweza kutumika kwa mkopo wa benki, kwa mitambo, kwa vibarua, kwa askari na kwa wanakijiji wanaoitwa mkutanoni. Kikitafsiriwa kwa kuhamasisha kila mara, kinagongana na neno linalokaribiana nacho kwa sauti. Kuhamisha, kutokana na mzizi wa Kibantu wa kuhama, hakina uhusiano wowote wa kiasili na hamasa. Hata hivyo 'mtahamasishwa' na 'mtahamishwa' huanza na kuishia kwa sauti zilezile na kutofautiana katikati tu. Kwa msikilizaji ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, anayesikiliza kipaza sauti chenye mikwaruzo, na ambaye tayari amehama, mpaka huo ni mwembamba. Jambo la kushangaza ni kwamba kiasili kitenzi cha Kiingereza, chenye wazo la kusogeza, kiko karibu zaidi na kuhamisha kuliko na kuhamasisha. Sikio linaloogopa uhamisho linaposikia tafsiri hiyo halikosei sana kihistoria.

5.3 Mwito wa silaha

Mwezi Julai 2021 majeshi ya Rwanda, na baadaye ujumbe wa SADC uliojumuisha Tanzania, yaliwasili Cabo Delgado. Mocímboa da Praia ilirejeshwa mikononi mwa serikali mwezi Agosti mwaka huo. Kiswahili, ambacho Rwanda ilikipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, kilikuwa lugha ambayo askari wa nchi hizo na wenyeji wa pwani wangeweza kukutana. Lakini vikundi vyenye silaha navyo huhitaji vijana, chakula na fedha, na taarifa za Kiingereza huyaeleza mahitaji hayo kwa 'mobilize' hichohicho. Kutumia kuhamasisha kwa vijana wanaohimizwa kurudi shuleni na kwa vijana wanaoingizwa vitani, baadhi yao kwa kutekwa, ni kuvipa vitendo hivyo uso mmoja. Kiswahili kina kushawishi, kurubuni, kuingiza jeshini, kulazimisha na kuteka. Taarifa ya usalama inayochagua kati ya vitenzi hivyo humwambia msomaji kiwango cha hiari, na kiwango hicho ndicho kinachoamua kama kijana aliyerudi atapokewa kama mhalifu au kama mhanga.

6.0 Mapendekezo kwa Watunga Sera na Wafasiri

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, kuhamasisha kitumike pale tu ambapo yambwa ni watu na kitendo ni cha kushawishi kwa hiari. Miundo kama 'kuhamasisha wananchi kuweka akiba' ni sahihi, kwa kuwa anayetiwa hamasa ni mwananchi.

Pili, kwa fedha na vifaa, kitenzi kiteuliwe kulingana na chanzo na hatua. Kama wengi wanatoa kwa hiari, ni kuchangisha. Kama ni kodi, ni kukusanya mapato. Kama ni bajeti iliyopo, ni kutenga. Kama ni mkopo, ni kukopa. Kama wafadhili wamesema watatoa, ni kuahidi. Kichwa cha habari cha jumla, panapokuwa hapana budi, kinaweza kuwa 'upatikanaji wa rasilimali', mradi maelezo yafuatayo yataje chanzo.

Tatu, watu wanaposogezwa kutoka makazi yao, kitenzi kiwe kuhamisha, bila kufunikwa. Mkutano wa kijiji unaohusu uhamisho usiitwe mkutano wa uhamasishaji. Waitwao wana haki ya kuijua sababu ya mwito kabla hawajaketi.

Nne, kila tafsiri ya 'mobilize' ipimwe kwa maswali matatu: nani anatoa, nani anapokea, na daftari liko kwa nani? Iwapo matini ya asili haijibu, mfasiri airudishe kwa mwandishi wake. Ugumu wa kutafsiri katika hali hiyo ni dalili kwamba sera yenyewe haijakamilika. Ofisa wa mipango anayelazimika kujibu kwa Kiswahili kabla ya waraka kutoka atakuwa amejibu pia swali ambalo wananchi wangemuuliza baada ya waraka kufika. Kazi hii ifanywe kwa kushirikiana na wazungumzaji wa Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kimakhuwa, kwa sababu kosa linalopita katika Kiswahili hurithiwa na lugha zinazotafsiri kutokana nacho.

Pingamizi moja linastahili kuzingatiwa. Lugha hukua kwa kupanua maana, na kuhamasisha rasilimali kumekwisha kuingia katika mazoea ya ofisi nyingi. Kukipiga marufuku hakuwezekani wala si lengo la makala haya. Wataalamu wanaoelewana kwa istilahi hiyo wanaweza kuendelea nayo wao kwa wao. Sharti linalopendekezwa linahusu matini zinazowafikia wananchi na zile zinazotumika kuwawajibisha viongozi. Huko, mazoea ya ofisi hayawezi kuwa kipimo.

7.0 Hitimisho

Kitenzi 'mobilize' kimefanikiwa duniani kwa sababu kinabeba mengi bila kuuliza mengi. Kiswahili kilipokipokea, kilikivika vazi la hamasa, neno zuri lililostahili watu, kisha kikalitumia vazi hilo kwa magunia na mikopo. Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado inaonyesha gharama ya jambo hilo, kwa kuwa huko mwito, mchango, tozo na uhamisho vimewahi kufika mlangoni kwa sauti moja. Lugha ya Kiswahili ina vitenzi vya kutosha kuvitenganisha. Vitenzi hivyo vinamtaja mtoaji, vinadai hesabu, na vinamwachia anayeitwa nafasi ya kuuliza anaitiwa nini. Taasisi inayovitumia italazimika kusema zaidi, na mwananchi wa Palma, Mocímboa da Praia au Ibo atakuwa na neno la kuishikia.